Mashine Yetu ya Mbao Imejengewa Nyumba

Mama Rufina mpendwa, naomba uniokoe kabla ukoo haujaninyang'anya uenyekiti wa mradi wetu wa mbao, maana mwaka huu tulipata mashine ndogo ya kupasulia mbao, ile inayofunguliwa kwa spana ikabebwa vipande vipande mpaka mti ulipoangushwa, na shemeji yangu, kaka wa mke wangu Otilia, ambaye jina lake kwa adabu zetu silitamki, akasema kitu cha thamani hakilali mvuani, akaijengea nyumba kijijini, kuta za mbao, sakafu ya sementi, tukachinja nguruwe watatu, padri akainyunyizia maji, na sasa miti iko mlimani, mashine iko chini imekaa kama bibi harusi, nami nikisema tuitoe ananijibu, "Shemeji, nyumba yangu ibaki tupu watu wanicheke?" basi tunaburuta magogo kwa kamba watu arobaini, mwezi mzima tumeshusha na kupasua mawili tu, mbao zake tumezirundika nje, la tatu likatuponyoka likafyeka shamba la magimbi la katekista, na fundi wa mjini Kimbe anataka mbao sitini za paa la zahanati mwisho wa mwezi ujao, tukimkosa wazee wanasema watatia saini na kampuni ya magogo, tingatinga lao limeshaegeshwa ng'ambo ya mto, na msitu wa babu zetu hautabaki hata kivuli. Nimwaibishe shemeji au nipoteze msitu?

Blasius Gelu, milimani Nakanai

Ndugu yangu Blasius,

Mimi nilinunua jokofu kabla umeme haujafika kwetu, na mpaka leo natunzia blanketi, kwa hiyo sikupaswa kukucheka. Nimecheka hadi popoo niliyokuwa natafuna ikanitoka mdomoni. Pole.

Lakini wewe mwenyekiti mzima! Mashine imeundwa iufuate mti, nyie mnaupeleka mti ukaisalimie mashine. Nguruwe watatu mmewamaliza, na hakuna hata mmoja aliyeuliza gogo litapita mlango gani? Magimbi ya katekista kayapandeni upya Jumamosi hii, bila kujitetea.

Kumwambia shemeji amekosea, usithubutu. Nguruwe wa kumlipa kufuta aibu hiyo mmeshawala. Tena ana haki, nyumba tupu ni fedheha. Basi isiwe tupu. Mbao mbichi zikikaa juani hupinda na kupasuka. Zinataka paa, sakafu kavu na upepo. Nyumba ya namna hiyo kijijini kwenu anayo nani? Shemeji atoboe kuta mbili upepo upite, apange mbao na vijiti katikati, funguo akae nazo yeye, na fundi wa Kimbe akija apokelewe na yeye.

Ila usiende wewe, utaharibu. Aende Otilia na sahani ya magimbi ya nazi, aseme tu, "Kaka, mbao za mume wangu zinaharibika, hazina mtu wa kuzitunza." Mashine asiitaje kabisa. Shemeji akianza kupanga mbao atabanwa, na siku moja atafoka, "Hili dude linanijazia nyumba!"

Hapo hapo, Blasius. Toa spana, fungua boliti, pandeni mlimani kabla hajabadili mawazo.