Kwa Nini Nimerudisha Tairi Ndogo

Mikindani, Jumapili. Mawingu, lakini mvua imekata.

Jua limechungulia saa nne hivi, likarudi zake. Ardhi imeanza kukauka. Kila anayepita dukani anasema masika yanakwisha, na anasema kwa furaha, nami naitikia ndiyo, ndiyo, alhamdulillahi. Moyoni nimechoka na kila mtu.

Nimerudi asubuhi kutoka Msimbati. Matanga ya mdogo wangu Zuhura yameanuliwa jana kwa hitima.

Bwana Rajabali, mwenye duka na mwenye pikapu ninayoiendesha, amenipa mkono wa pole, akaagiza chai. Kisha ameuliza swali ambalo lazima angeliuliza. Kesho kuna mbata, nazi zilizokaushwa, za kuchukua kule kule Msimbati. Je, niende na tairi zipi, kubwa zilizomo garini, au zile ndogo za zamani zilizotundikwa stoo?

"Dereva ni wewe," amesema. "Chagua wewe."

Mara ya kwanza pia nilichagua mimi.

Niandike yote, maana daftari hili nililianza jeshini na sijawahi kulidanganya. Watu nimewadanganya.

Pikapu hii ilikuja na tairi ndogo, nyembamba. Ukiondoka Mtwara kwenda Msimbati unakwenda vizuri mpaka bondeni, kwenye majaruba ya mpunga. Hapo masika kuna tope, lakini tairi nyembamba hulikata tope mpaka chini kwenye ugumu, zikatambaa, ukapita. Ukishapanda kutoka bondeni unaikuta Mchangani, nyumba kama kumi hivi, na baada ya nyumba unaanza mchanga wenyewe, mweupe, laini, mpaka Msimbati. Hapo tairi nyembamba ni bure. Nilikuwa nakwama kila safari. Sisemi karibu kila safari. Kila safari.

Nikikwama napiga honi. Watu wa Mchangani wanatoka na makuti, wanayatandika chini ya tairi, wanasukuma, wananitukana, wanacheka. "Dereva wa Mikindani, gari lako linakula makuti kuliko mbuzi!" Nami nawalipa kwa kuwapakia. Bibi na kapu lake, mgonjwa, gunia la makopa ya muhogo, wote nyuma. Nilijua nani amefiwa na nani ameoa. Ilinichosha. Nilikuwa nafika Msimbati nimechelewa, shati limeloa, nikijiona si dereva bali punda wa kijiji.

Kisha Wazungu wa ule mradi wa karanga wakafunga virago, na vitu vyao vikawa vinauzwa. Nikaziona tairi nne, pana, kubwa, hazijaisha meno. Nikamshawishi Bwana Rajabali azinunue. Fundi Salehe wa Magomeni ya Mtwara alipozifunga alilazimika kukata madigadi kidogo zisisugue, na alinionya. Alisema mchanga utaupita, hilo halina ubishi, ila kwenye tope tairi pana haikati, inaelea juu na kuzunguka. Nikamwambia, fundi, tope ni miezi michache, mchanga ni mwaka mzima.

Hesabu yangu ilikuwa sawa. Ndiyo inayoniuma, kwamba ilikuwa sawa.

Mwaka mzima na zaidi sikukwama hata mara moja. Niliupita ule mchanga nimekaa wima kama afisa. Na kwa kuwa sikukwama, sikusimama. Na kwa kuwa sikusimama, sikumpakia mtu. Honi niliendelea kuipiga, lakini sasa niliipigia mbali, watu watoke njiani nisipunguze mwendo, maana ukipunguza mwendo mchangani unajitafutia balaa. Siku moja Bi Asumini, mama mtu mzima wa pale, alisimama kando na kapu la ming'oko, vile viazi vya porini, akaninyooshea mkono. Nilimpigia honi ndefu. Nilimwona kwenye kioo akijipangusa mchanga usoni.

Niliona haya, lakini sikurudi.

Jumatano iliyopita nilikuwa Msimbati napakia. Shemeji yangu Hamisi akaja anakimbia. Zuhura alikuwa na uchungu tangu jana yake, mimba ya kwanza, na mkunga amesema hapa pamemshinda, apelekwe hospitali. Tukashusha mzigo, tukatandika godoro nyuma, tukafunika turubai kwa ajili ya mvua. Mkunga akakaa naye. Hamisi akakaa mbele na mimi. Ilikuwa baada ya adhuhuri.

Mchanga tuliupita kama lami. Zuhura alikuwa ananiita, "Kaka, polepole," nami namwambia vumilia, tairi hizi hazikwami. Mchangani nilipita na honi yangu ileile. Watu wakatoka njiani. Tukashuka bondeni, na katikati ya majaruba gari likaanza kuelea, tairi zikazunguka bure, likainamia upande mmoja, likakwama.

Nilipunguza upepo wa tairi. Nilichimba kwa mikono. Hamisi alisukuma peke yake. Kisha nikafanya nililozoea kufanya siku zote za tairi ndogo. Nikapiga honi.

Nikapiga, nikangoja. Nikapiga tena. Nilikuwa na hakika watakuja, ndiyo maana sikukimbia mapema. Walikuwa wanakuja siku zote. Nilipiga mpaka honi ikaanza kukauka sauti, na nyuma ya gari Zuhura naye sauti ikapungua. Hapo ndipo nilipopanda kile kilima kwa miguu.

Walikuja wote, na makuti, majembe, kamba. Gari lilitoka upesi mno. Upesi ule ndio unaonikosesha raha, kwa sababu unaonyesha muda wote uliobaki niliupoteza mimi.

Alikata roho kabla hatujaiona Mtwara, na mtoto tumboni. Tumewazika pamoja, kaburi moja.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Njiani tukirudi na maiti, Hamisi aliniuliza kwa nini walichelewa wale watu, na honi waliisikia? Nikamjibu, "Shemeji, watu wa siku hizi hawana huruma." Nilisema hivyo. Ulimi wangu, meno yangu, na dada yangu amelala nyuma. Na Hamisi akayashika maneno hayo. Tulipofika bondeni watu wa Mchangani walikuwa tayari wamepanga makuti, hata sikuwaita, wakatuvusha. Hamisi hakuwaitikia hata salamu.

Bi Asumini alikuja matangani kwa miguu, njia yote ile ya mchanga, na bakuli la unga kichwani. Hamisi aligeuza uso. Yule mama akaona, akaenda kuwasaidia wanawake kupika. Jana, hitima ilipokwisha, alinifuata nyuma ya nyumba nilipokuwa nakagua gari.

"Mwanangu, usidhani hatukukusikia. Honi tuliisikia. Tulisema huyo anarudi, tukawatoa watoto njiani, tukakaa vibarazani tukingoja upite."

Hakusema kwa ubaya. Lingekuwa la ubaya ningejua la kujibu. Alikuwa anajieleza, yeye, kwangu mimi, kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa. Nilisema, "Ahsante, mama." Basi. Nikaendelea kugusagusa boliti ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Nilimwona akiondoka. Sikumwambia nitampakia. Nilikuwa na gari tupu na nilikuwa nakwenda njia hiyohiyo leo asubuhi.

Husemwa majuto ni mjukuu. Mimi sina mjukuu, wala mpwa sina tena.

Mchana huu Fundi Salehe amepita kutoa pole. Nilimwuliza habari ya tairi, ili nisikie tu. Akasema tope linakauka, mchanga unarudi, wakati huu tairi kubwa ndizo zenyewe, usisumbuke. Bwana Rajabali naye, nadhani, anangoja niseme kubwa. Mbata zikichelewa atanung'unika, na ana haki.

Nimekwenda stoo. Nimezitungua zile ndogo, nimezipangusa vumbi na utando wa buibui, nimezijaza upepo kwa pampu ya mkono mpaka mabega yamewaka. Nimepiga jeki, nimezifunga zote nne kabla ya alasiri. Bwana Rajabali ametoka barazani akatazama. Amerudi ndani.

Gari limekuwa fupi. Linaonekana kama zamani, na linanichekesha kidogo.

Sijidanganyi kwamba tairi zitamrudisha Zuhura. Wala sijidanganyi kwamba watu wa Mchangani wana deni la kunisukuma. Siku ile walitandika makuti kwa ajili ya maiti, na maiti haisusiwi. Mimi ni mzima. Mtu mzima aliyewatimulia mchanga mwaka mzima, kisha akawasingizia msiba, anaweza kususiwa.

Kesho bondeni nitapita. Mbele ya nyumba zao, pale mchanga unapoanza, nitakwama. Nina hakika na hilo kuliko jambo lolote. Nikitoka hapo, kama nitatoka, nitakwenda moja kwa moja kwa Hamisi nimwambie nani hakuwa na huruma. Atanifukuza, na afukuze.

Lakini kwanza nitazima injini. Honi sitaigusa. Nitashuka, nitavua viatu kwa sababu mchanga ule hauna adabu na viatu, nitatembea mpaka mlangoni kwa Bi Asumini, na nitapiga hodi.

Sijui kama nitaitikiwa karibu.