Sauti ya Mgeni Kwenye Chumba cha Cherehani

2 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo huko uliko? Na mikono inayofua mashuka ya hospitali kutwa nzima, nayo haijambo? Mimi mzima, ila goti linaninung'unikia nikikanyaga cherehani.

Ile spika uliyoniletea imeniaibisha. Jana mwalimu wa hesabu alikuja kupimwa gauni. Nilikuwa nikitaja vipimo kwa sauti, kifua, kiuno, nyonga, huku nikiandika. Ghafla muziki ukakatika. Sauti ya mwanamume nisiyemjua ikavirudia vipimo vyake kimoja kimoja, kisha ikacheka. Mwalimu alichukua mkoba wake akaondoka. Miaka thelathini wanawake wamekuwa wakiniamini, mwanangu. Spika nimeichomoa, nimeifungia kabatini. Huyo ni nani, na alipitia wapi?

Babako mwenye fedheha

6 Machi

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo, mikono pia. Pole kwa goti, na pole zaidi kwa yaliyokukuta.

Kosa ni langu. Nilipokuja likizo niliiunganisha harakaharaka, nikaacha neno la siri la kiwandani, ambalo ni lilelile kwa spika zote za aina hiyo. Tena kwenye ruta, kile kisanduku cha intaneti, nilifungua njia ili nikuchezee nyimbo kutoka huku. Alipita humohumo. Watu kama yeye huzunguka mtandaoni wakijaribu milango, wakikuta iliyo wazi wanaingia.

Usiitupe. Nyuma ina kitundu. Kibonyeze kwa sindano mpaka taa iwe nyekundu, itasahau kila kitu. Uipe neno la siri jipya, refu, na lisiwe jina langu. Ikiomba kusasisha programu, ikubalie. Maikrofoni izime kabisa, kucheza muziki hakuhitaji masikio. Kisha badilisha neno la siri la ruta, ile njia yangu uifute, na spika uihamishie kwenye mtandao wa wageni, mbali na simu yako.

Na mwalimu umwambie yote, hata uzembe wangu.

Mwanao

25 Machi

Marahaba mwanangu,

Usidhani nimekununia. Kazi yenyewe ilinichukua siku tatu, na miwani miwili. Mara mbili nilijifungia nje mwenyewe, ikabidi nianze upya na sindano.

Kwenda kwa mwalimu ndiko kulikonichukua wiki mbili. Nilimweleza nikiwa nimesimama mlangoni, sikuficha kitu. Mwisho akauliza, "Una hakika sasa hakuna anayetusikia?"

Nikamwambia, "Masikio ya spika nimeyazima kwa kidole changu, mwalimu. Ila ukija, nitaichomoa kabisa."

Akanikaribisha ndani. Sebuleni kwake nikaona spika kama yangu, chumbani kwa bintiye nyingine. Zote mbili zilikuwa na neno la siri la kiwandani! Nikaomba sindano. Tangu hapo ameniletea wenzake watatu wa shuleni, na si wote wanaotaka magauni.

Gauni lake nimelimaliza jana. Limemkaa.

Babako, fundi wa nguo na spika

2 Aprili

Shikamoo Baba,

Natumaini goti limetulia. Mimi sijambo, ila nina la kuungama. Leo wakati wa mapumziko nilijaribu kuingia kwenye spika yako kupitia njia yangu ya zamani. Nikakataliwa. Nikajaribu maneno yote ya siri ninayodhani ungeweka, hata jina la marehemu mama. Nikakataliwa yote. Wenzangu wa kufulia wakaniuliza nacheka nini.

Basi sina njia tena ya kuingia kwako ila mguu. Nimeomba likizo, nimepewa mwezi wa sita. Nitapiga hodi.

Mwanao