Mikindu ya Sadiyo

Sadiyo Bare, mwaka umetimia tangu tukufuate mtoni tukapata dumu peke yake.

Ulikuwa mtu wa mkono wazi. Hapa Kotile hakuna mgeni aliyetoka kwako bila chai ya maziwa, hata mwaka ule tulipobaki na ngamia mmoja.

Kila asubuhi ulishuka kwenye chemchemi, pale maji yalipotoka ardhini polepole kama jasho, chini ya mkuyu, kwenye udongo mweusi wa chumvichumvi ambao mbuzi huuramba. Mimea ya pale uliijua yote. Penye kangaga ulichota maji ya kunywa. Penye ndago ulinywesha mifugo, kwa kuwa hapo maji ni machungu. Kwenye mikindu ulikata majani ya nje tu, ya kusukia mikeka. Jani la katikati, la moyo, hakuna aliyeruhusiwa kuligusa, maana likikatwa mkindu hufa. Binti yako Nasteha ulimchapa mkono kwa kosa hilo moja tu maishani.

Halafu wakubwa wa serikali wakaja na tingatinga, wakasema watajenga tangi. Mhandisi wao akakwambia, "Mama, hii miti inakunywa maji yenu."

Ukamjibu, "Wewe na hilo tumbo unakunywa kushinda mkuyu. Tukukate pia?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Walikata mkuyu, wakang'oa mikindu, jua likaingia. Baada ya miezi minne udongo ulipasuka. Tangi lipo, ndani wanakaa popo. Ndipo ukaanza kuchota mtoni, kwenye mamba. Hao wakubwa hadi leo hawajaleta hata pole.

Kuna jambo mumeo Dekow hakukwambia. Karatasi ya kukubali miti ikatwe ina alama ya kidole chake. Hajui kusoma, lakini alisomewa yote. Aliambiwa maji yataongezeka, akaamini wakubwa kuliko wewe. Ulipouliza, "Kwani nani alikubali?" aliendelea kunywa chai yako.

Siku hizi hasikii njaa, wala kilio hakimtoki. Anakaa tu.

Baada ya mvua ya juzi Nasteha aliona chipukizi la mkindu palepale. Dekow amelizungushia miiba. Kila swala anakwenda kutawadha hapo, maji yaangukie mizizi. Jani la moyo hajaligusa.

Tunaokukumbuka ni mumeo Dekow, binti yako Nasteha, dada yako Kaaha na majirani wote wa chemchemi. Mwenyezi Mungu akurehemu. Hatutakusahau kamwe, Sadiyo.