Karatasi ya Haki Niliyokujazia

Kyalo, rafiki yangu,

Nina hasira, kwa hiyo usingoje salamu ndefu. Wiki tatu zimepita tangu jiwe la machimbo ya Lukenya lipasue kichwa chako. Nilikufukua kwa mikono hii, na vumbi la kokoto lilikuwa limeshika damu yako likawa tope. Bado naliona nikinawa.

Unakumbuka zile karatasi za kupima kama tunaona haki kazini? Kila swali lilikuwa na sura tano, kuanzia inayolia hadi inayocheka. Macho yako yalikuwa yamevimba kwa vumbi, ukaniomba nikusomee na kukujazia. Nilipofika kwenye swali la kama helmeti zinagawanywa kwa haki, ulicheka mpaka ukakohoa. Helmeti zilikuwa nane, zote kwenye vichwa vya jamaa za msimamizi. Ukasema, "Weka hiyo inalia. Andika tu vile nimesema."

Nikaweka inayocheka. Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni, na kama majibu yalikuwa siri walivyosema, mbona jina lako lilikuwa juu ya karatasi? Niliogopa, Kyalo. Nilijidanganya kwamba nalinda kibarua chako.

Juzi walimwita mkeo Mwende ofisini kwa habari ya kifo chako, nikamsindikiza. Msimamizi akatoa karatasi ile, akaigonga kwa kidole. "Bwana yako mwenyewe alisema hakuna shida." Mwende akamzaba kofi. Walinzi wakamburura nje, kiatu kimoja kikabaki ndani. Nilishika nyundo yangu ya kazi nikavunja dirisha, kisha nikamkaba yule mtu shingo mpaka watu wanne wakanibandua. Nilitaka afe. Lakini neno moja lililotakiwa, kwamba mimi ndiye niliyejaza, sikulitamka.

Sasa wenzetu wananiita shujaa. Mwende alinipikia muthokoi wa mahindi na maharagwe kunishukuru, nami nikaula wote. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu amezaliwa na meno.

Jumatatu afisa wa kazi wa serikali anakuja kuchunguza kifo chako. Nitamwambia Mwende kwanza, na akitaka kunizaba, shavu ni lake. Kisha nitajaza karatasi nyingine mbele ya afisa, waone mkono uliotia alama ni ule ule. Kumkaba mtu kulikuwa rahisi kuliko hili.

Lala, ndugu yangu. Safari hii nitaandika vile ulivyosema.

Wako,
Muthama