Fimbo Niliyokuzika Nayo

Baba Sabina,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, Jumamosi nimeipalilia. Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, mwandiko ule ule uliokuwa unasema ni kuku kapita kwenye unga. Usome hivyo hivyo.

Nina la kukugombeza na nina la kuungama. Naanza na kugombeza, maana ndiko nilikozoea.

Kwa nini hukuniambia fimbo ile ni ipi? Miaka kumi na moja nimekaa mlangoni pa kibanda chako pale uwanja wa gofu, napiga msasa, napaka vanishi, nazungusha uzi shingoni mwa fimbo za watu mpaka vidole vinachanika. Na ulinifundisha, sikatai. Ulinifundisha kuliko mwalimu wangu wa darasa la tatu, ambalo ndilo la mwisho nililokalia. Ulinionyesha kwamba hizi fimbo za kichwa cha mti, namba tatu, tano na saba, zinaupiga mpira ukiwa umelala kwenye majani, hakuna kijiti cha kuupandisha juu. Basi anayeuinua ni nani? Ni uso wa fimbo, kwa kuwa umelazwa nyuma. Namba tatu umelala kidogo tu, mpira unakwenda mbali na unakwenda chini chini. Tano umelala zaidi. Saba zaidi tena, mpira unapanda upesi na hauendi mbali. Ukanishikisha kiganja kwenye kila uso mpaka nikazijua gizani.

Nikakuuliza mbona wageni wanauchota mpira kama wanachota uji. Ukacheka mpaka tupa ikakuponyoka. Ukasema, "Hawauamini mlalo, Mama Sabina. Wanataka kuufanyia kazi yake."

Hayo yote ulinipa. Kipimo hukunipa. Kupima ulipima mwenyewe, na ukipima ulinipa mgongo. Nilikuwa naona bega lako linainama, kichwa kinakwenda upande, jicho nadhani unalifumba moja, halafu tupa inalia mara mbili tatu, kimya, tena mara moja. Halafu unageuka na fimbo imekwisha. Nikajua una akili ya mkono. Kumbe ulikuwa unaziweka ubavuni mwa ile fimbo yako kuukuu, ile iliyofutika namba, nyeusi kama sufuria la msibani. Fimbo zote za uwanja ule zilikuwa watoto wa ile moja, nyingine ukizidisha mlalo wake, nyingine ukiupunguza. Na mimi ndani ya miaka kumi na moja nilidhani ni ya kufungia mlango.

Sasa kuungama. Siku ya kukuzika, pale Kiseke, wazee wa ukoo wako walisema usishuke mikono mitupu, uwekewe kitu cha kazi yako. Wakanituma mimi. Wenzangu wanalia uani, mimi niko kibandani nachagua. Nilichagua kwa makusudi ile mbovu, Baba Sabina. Zile zinazong'aa nilizionea tamaa. Nikasema moyoni, huko aendako hachezi na mtu, atajua nini. Nikakulaza nayo mkono wa kulia. Watu wakasema angalia mke alivyompenda.

Baada ya arobaini katibu wa uwanja akaniita. Hakunidharau, sisemi uongo. Akasema kibanda kitabaki changu kama naweza kuzinyoosha fimbo kama wewe. Nikishindwa, wana kreti za soda za kuweka. Nikamwambia kazi ile naijua kama jiko langu. Unanijua mdomo wangu.

Fimbo ya kwanza ikaja ya Bwana Jayanti, yule wa duka la vitambaa, aliyesimama kaburini kwako juani bila kofia. Namba tano yake ilinyeshewa, uso ukavimba. Nikafunga mlango. Nikachukua ile nzuri kuliko zote kati ya ulizoacha, namba tano vilevile, nikaifanya kipimo. Nikakwangua juu ya uso, nikatazama, nikakwangua tena, nikafumba jicho kama wewe. Nilipomaliza nilijiona fundi. Niliimba, hata.

Sikujua ile inayong'aa ulikuwa umeilaza kupita kiasi kwa ajili ya yule mzee wa reli aliyeishiwa nguvu, ambaye hakurudi kuichukua. Utajuaje kama mtu hasemi?

Bwana Jayanti alikwenda kuijaribu yake saa kumi jioni, upepo wa ziwani umeshaamka. Unajua mwenyewe upepo ule, saa hizo unataka mpira wa chini. Mpira ukapanda. Ukapanda kama kunguru aliyetupiwa jiwe, upepo ukaushika, ukaurudisha, ukaanguka kwenye mawe. Akapiga wa pili, vile vile. Wa tatu. Akairudisha kwenye mfuko wa fimbo polepole, kama mtu anayemlaza mtoto. Akasema, "Mama, uliyonipa ni saba."

Hakupaza sauti. Katibu alikuwa amesimama pale pale. Ndiye aliyeniambia habari ya mzee wa reli, na kwamba alikuwa akikuona unapimia ile nyeusi.

Kesho yake asubuhi nilichukua jembe nikaenda kwako. Ndiyo, nilikwenda na jembe. Nilikuwa nimeshaondoa mawe ya upande wa kulia Sabina akatokea, ametoka Pasiansi kunijulia hali. Akanitazama. Akasema, "Mama, kaburi si kabati." Akaninyang'anya jembe, mtoto niliyemzaa mimi. Nikamtukana, halafu nikarudisha mawe.

Hata hivyo mchwa watakuwa wamekwisha kuila. Ardhi ya Kiseke unaijua. Mlalo wote ule, wa fimbo zote zile, umeliwa na mchwa.

Kibanda sasa kina kreti. Na ningekuwa nayo ile fimbo pia ingekuwa bure. Tangu milango ya biashara ifunguliwe, vitu vinaingia mjini kama mafuriko, na Bwana Jayanti ameletewa fimbo mpya, kichwa chuma kitupu. Bado wanaziita za mti, sijui mti gani. Mlalo zinatoka nao kiwandani, haziloi zikavimba, hazitaki tupa wala mkono wa mtu. Zile ulizoacha Sabina anasema niuze. Mnunuzi nani?

Asubuhi nakaa uani na kipande cha mti na tupa yako. Nafumba macho, nataka kukumbuka ulivyokuwa unafanya, ili hata mtu mmoja duniani akijue kile kipimo. Ninachokipata ni mgongo wako. Shati la kaki, jasho katikati. Mbele ya mgongo hakuna kitu.

Basi, lala. Nakuahidi sitachimba, jembe liko kwa Sabina na sitalidai. Na nimeshawaambia, siku yangu wasiniwekee kitu chochote, mikono yangu iwe mitupu. Padre anasema tutaonana. Mimi sina hakika, na wewe hukuwahi kuwa mtu wa kanisani. Lakini kama ni kweli, nitakapofika ugeuke. Usinipe mgongo tena.

Mimi,
Mama Sabina