Mbwa wa Saa Tisa

Kahama vijijini
Jumapili, 21 Aprili 2024

Mwanangu Nelly,

Habari za Runzewe? Mguu wako uliokuwa unavimba wakati wa msiba umepona? Sisi huku wazima. Mvua zinaendelea na mpunga umesimama vizuri, upande huo sina cha kulalamikia.

Mbwa amefika. Luka, yule konda, alimshusha Ijumaa pamoja na kizimba chake. Bujiku jirani yangu alipoona sanduku la mbao linatolewa kwenye buti la basi alivua kofia, akasogea kwa heshima. Kisha sanduku likabweka. Amenikasirikia mpaka leo, utadhani ni mimi niliyembwekea.

Nakuandikia kwa sababu simu siwezi. Niliyonayo ni ile ya marehemu Eliya. Jana Klara wa kanisani alinipigia, na mbwa aliposikia ule mlio alizunguka nyumba mara tatu, akaingia mpaka chini ya kitanda changu kutafuta. Nimeizima. Luka amekubali kubeba barua zetu kila anapopita.

Sasa nisaidie. Unajua kwetu mbwa hafungiwi, mbwa ni wa kaya nzima. Lakini huyu ana miezi tisa na nguvu za ndama. Kwa siku mbili tu amewakimbiza kuku wa Bujiku mpaka barabarani na amebeba kiatu changu kimoja, sijui amekizika wapi. Na hilo jina. Nikiita “Watasema!” mke wa Bujiku anatoka nje kuniuliza nani atasema nini.

Ningevumilia yote, ila mtendaji wa kijiji ametangaza kwamba kwa ajili ya kichaa cha mbwa, mbwa atakayekutwa anazurura atapigwa risasi. Nikimwachia watamuua. Nikimfungia analia mpaka nashindwa kula. Wewe na mumeo mlikuwa mnafanyaje? Sitaki kumpoteza. Katika vitu alivyoniachia mwanangu ndicho pekee kinachopumua.

Mama yako,
Paskazia


Runzewe
26 Aprili 2024

Mama, shikamoo.

Mguu umepona, asante. Bado napika pale pale machimboni, ugali na maharage, samaki siku ya Jumamosi. Wachimbaji wanakusalimu.

Jina alilitoa Eliya mwenyewe. Watu walimcheka, mchimbaji gani anamfungia mbwa kama kuku. Akasema haya, watasema. Lakini huku kila hatua ni shimo, na mbwa mdogo hana akili ya kuogopa. Ndiyo maana akatengeneza kile kizimba kwa vipande vya matimba, zile nguzo zinazoshikilia kuta za shimo.

Fanya hivi, mama. Alfajiri mtoe na kamba, mkimbize kabla jua halijawaka, mpaka ulimi umtoke. Kama magoti hayakuruhusu, mtafute kijana wa kukusaidia. Mbwa aliyechoka haingizwi, anaingia mwenyewe. Saa tatu aingie, umpe mfupa, na usimsukume. Usimfungie kwa hasira hata siku moja, asije akadhani pale ni jela. Saa sita mtoe anywe maji, ajisaidie, acheze kidogo, kisha arudi. Weka gunia juu apate kivuli.

Saa tisa alasiri mfungulie. Hapo usichelewe, mama. Hata kama una mgeni, hata kama unga uko kwenye maji, hata kama analia. Saa tisa kamili.

Mwanao,
Nelly


Kahama vijijini
12 Mei 2024

Mwanangu Nelly,

Marahaba, na asante sana. Nilikusudia kukujibu mapema, ila nilitaka kwanza nione.

Inafanya kazi. Asubuhi ananivuta mpaka kwenye majaruba ya mpunga na kunirudisha, Bujiku anasema sijui nani kamfunga nani kamba. Saa tatu anaingia, anajizungusha, analala. Kuku wametulia. Mtendaji amepita akamwona ndani, akaandika kwenye daftari lake, akaenda.

Nikuambie habari ya saa tisa. Kabla haijafika anaanza kulia. Nikifungua hanisalimii. Anapita kama mshale mpaka kwenye kisima cha zamani nyuma ya mihogo, kile ambacho marehemu mume wangu alikichimba na kikakauka kabla Eliya hajazaliwa. Anasimama ukingoni, anabweka mara moja tu. Kisha anangoja, kichwa amekiinamisha, sikio moja limesimama. Halafu mkia unaanza kutikisika.

Kurudi, hakimbii. Anatembea, mbwa huyu asiyejua kutembea. Anafuata ukingo wa kushoto wa njia, kwenye nyasi zenye miiba, ingawa katikati ni kweupe. Akifika langoni anasimama, muda wa mtu kuvua buti zote mbili. Eliya alikuwa mzito wa kuvua viatu tangu darasa la kwanza, anaanza cha kushoto, anakitazama ndani, kisha cha pili. Ni muda ule ule. Baada ya hapo mbwa anaingia, analala mlangoni, na hana habari na kuku wala mtu mpaka jioni.

Sijaogopa. Juzi niliteka maji ya kunawa nikayaweka pale langoni. Usinicheke.

Mama yako,
Paskazia


Runzewe
17 Mei 2024

Mama, shikamoo.

Sijacheka. Nilisoma nikiwa jikoni, na ugali ukaungua.

Huku alikuwa anakimbilia kwenye duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao. Alikuwa anabweka mara moja, vilevile. Lakini hicho kisima, nani alimwonyesha?

Usimfuate mpaka ukingoni, udongo wa zamani hauaminiki. Wewe mfungulie tu kwa wakati. Nakuomba.

Mwanao,
Nelly


Kahama vijijini
9 Juni 2024

Mwanangu Nelly,

Salamu ni nyingi ila leo nitazifupisha, moyo hauko mahali pake.

Bwana mifugo, Edward, alikuja Jumatatu kuchanja mbwa wa kijiji. Alikuwa kwangu ilipokaribia saa tisa, akamsikia Watasema. Nilipoinuka kwenda kufungua akanizuia. “Mama, unamfungulia akiwa analia? Basi yeye ndiye anayekufuga wewe. Subiri anyamaze, ndipo ufungue. Wiki moja tu ataacha.” Ni kijana mpole, anaipenda kazi yake, na maneno yake yalikuwa na maana. Siku hiyo nilifungua kama kawaida kwa sababu yako. Lakini nikayafikiri usiku.

Jumanne nilisubiri. Saa tisa ilipofika niliweka mkono kwenye komeo nikamwambia nyamaza kwanza. Hakulia kama siku zote, Nelly. Alilia kama anayemwona mtu nyuma yangu. Alikwaruza mbao mpaka kucha moja ikang'oka. Nikashikilia. Saa tisa na robo akanyamaza mara moja, kama redio iliyotolewa betri. Nikafungua.

Hakutoka. Nilipiga magoti nikamwita kwa jina, nikamwonyesha nyama. Jua lilipopoa alitoka, akanywa maji, akalala ameelekea ukutani.

Leo ni siku ya tano. Kisimani haendi tena. Kulia halii. Edward alipita jana akafurahi, “Unaona mama, amejifunza.” Lakini njia imekuwa tupu. Sikujua kwamba ilikuwa imejaa mpaka ilipokuwa tupu. Maji ya langoni nayamwaga jioni kama nilivyoyaweka.

Uliniambia saa tisa, hata kama analia. Ulikuwa unajua nini?

Mama yako,
Paskazia


Runzewe
13 Juni 2024

Mama, shikamoo.

Hii ni mara ya nne naandika. Tatu nimezichoma jikoni.

Unamjua Deusdedit, yule aliyebeba msalaba wakati wa mazishi. Yeye ndiye anayekaa juu kwenye winchi. Kila siku nilikuwa namfungulia Watasema saa tisa, anakimbia mpaka ukingoni mwa duara, anabweka. Deusdedit anacheka, “Msimamizi kafika,” anatikisa kamba, na watu wanapanda. Ulianza kama utani. Baadaye hakuna aliyeangalia saa. Mtu akisema amechoka, apande, wenzake wanamjibu, “Kwani umesikia mbwa?” Wachimbaji wana mambo yao, mama. Waliona kwamba tangu aanze kuwaita hakuna aliyeumia, wakawa hawataki kuitwa na kitu kingine.

Kuna mteja wangu mmoja aliwahi kufuga mbwa wa ulinzi. Aliniambia maneno yale yale ya bwana mifugo wako. Nikayaona mazuri. Jumatano ile ya Februari mbwa alianza kulia saa nane na nusu, nami nikaamua leo namfundisha. Saa tisa nilikaa juu ya ndoo mbele ya kizimba, mkono kwenye komeo, nikasema nyamaza kwanza. Aliuma mbao mpaka fizi zikatoka damu. Nikasema nyamaza. Saa tisa na robo akanyamaza ghafla, nami nikafurahi. Nilifurahi, mama. Nikafungua, akabaki ndani. Ndipo nikasikia watu wanakimbia.

Matimba yalikatika, duara likaporomoka. Watatu walitokea upande wa pili. Eliya hakutoka akiwa hai.

Deusdedit hajawahi kuniuliza kwa nini mbwa hakufika. Hakuna aliyeniuliza, wewe ndiye wa kwanza. Kama ni kunikana, nikane. Sitasema umenionea.

Nelly


Runzewe
20 Julai 2024

Mama, shikamoo.

Luka anaapa kwamba alikupa barua mkononi. Anasema uliisoma umesimama pale pale kituoni, ukaondoka bila hata kumwambia kwaheri.

Sidai jibu. Nauliza tu, Watasema anakula?

Nelly


Kahama vijijini
Jumapili, 4 Agosti 2024

Mwanangu Nelly,

Marahaba ya kwanza na marahaba ya pili, zote zimefika.

Anakula.

Nilikukasirikia, sitakudanganya. Wiki tatu sikuweza kulitaja jina lako hata kwenye sala. Nilikuwa nasema, Bwana, uwalinde wanangu, na yule. Klara aliniuliza yule nani, nikamwambia afumbe macho aendelee kusali.

Kisha siku moja nafunga mlango wa zizi la mbuzi, mkono wangu uko kwenye komeo, nikausimamisha hapo. Nikakumbuka kwamba mimi pia nilisema nyamaza. Mimi pia aliponyamaza nilifurahi. Hilo sikukuandikia wakati ule. Nilijisemea, Paskazia, umeweza. Waliotushauri hawakuwa wabaya, na sisi hatukuwa wabaya. Tofauti yangu na yako ni kwamba mtu wangu alikuwa ameshakufa.

Nimeikalia barua hii muda mrefu kwa sababu nilitaka nikuandikie nikiwa mama yako, si nikiwa hakimu. Basi nakuandikia.

Kizimba siku hizi hakina komeo, nimeling'oa. Watasema anaingia mwenyewe saa tatu, saa sita anatoka, anazunguka kaya, anarudi. Amekuwa mtu mzima. Mtendaji akimkuta nje nami anamsalimia. Ila saa tisa ikifika anabaki ndani, macho nje, mlango wazi. Nikimwambia nenda, ananitazama kwa huruma.

Basi jana nilikwenda mwenyewe. Najua ulinikataza. Saa tisa kamili nilikuwa ukingoni mwa kisima. Kubweka sijui. Nikasema kwa sauti, “Eliya, muda umekwisha, panda.” Nikaona aibu kidogo, mwanamke mzima anaongea na shimo. Kulikuwa na ubaridi tu, ule wa chini. Nikangoja kiasi cha kumpa mtu nafasi ya kupanda, nikageuka nirudi.

Njiani nikakutana na ng'ombe wa Bujiku wanakwenda kunywa. Wale hawampishi mtu. Siku zote ni mimi ninayeingia kwenye mihogo mpaka wapite wote. Jana yule dume wa mbele alisimama. Alinitazama, kisha akatazama upande wangu wa kulia, hewani, mahali ambapo pangekuwa na uso wa mtu mrefu. Akashuka kwenye nyasi. Na wote waliokuwa nyuma yake wakashuka, zaidi ya thelathini, bila fimbo, bila sauti, wakaacha njia nzima. Mimi ni mwembamba, Nelly, unanijua.

Ndipo nikaona kwamba nilikuwa natembea pembeni, kwenye miiba.

Sikugeuza kichwa. Bujiku alikuwa nyuma ya ng'ombe wake na fimbo begani. Akaniuliza, “Mama Eliya, leo una mgeni?” Nikamjibu hapana, ni wa nyumbani. Akawafuata ng'ombe wake, na jioni mke wake alileta maziwa bila kusema ni ya nini.

Alhamisi nitakwenda tena. Luka anasema ukipanda gari la asubuhi hapo Runzewe, saa saba uko kwangu. Njoo. Usilete maneno ya msamaha, tumeshayamaliza humu kwenye karatasi. Lete sauti yako. Yangu imezeeka, sidhani kama inafika chini, na wewe ndiye uliyekuwa unamwita kula kila siku. Nitakungoja mpaka saa tisa kasorobo, kisha tutakwenda wote wawili.

Mama yako,
Paskazia