Mrenda Nyuma ya Bafu

Kwako Kukhu, mama ya mama yangu,

Tangu tukuzike kule Tongaren, nimekuwa nikikuuliza maswali kichwani. Leo nayaandika, kwa sababu kuongea hunishinda, unajua.

Nilipomaliza shule nilirudi Kitale kwa mama, hapa Tuwan. Nyuma ya bafu la ploti yetu kuna kipande cha ardhi ambacho hata kitanda hakitoshei. Watu walikuwa wakitupa majivu na chupa zilizovunjika. Nilikisafisha siku tatu, kisha nikafungua kitambaa ulichoniachia chenye mbegu zako za mboga ya mrenda, nikapanda nusu. Kwa wiki tatu nilimwagilia udongo mtupu.

Mama Njoki, jirani yetu, alichungulia na beseni lake la nguo. "Wewe, si upande sukuma wiki kama watu? Ama unafuga udongo?"

Nilicheka, lakini niliumia. Shamba lako sasa ni mahindi hadi mlangoni. Mbegu hizi zikiisha, hakuna zingine.

Ndipo nikakukumbuka jikoni, likizo ile nikiwa darasa la tano. Ulifunga mbegu kwenye kitambaa, ukazitumbukiza kwenye maji yanayochemka. Nikapiga kelele, "Kukhu, unazipika!" Ukacheka mpaka ukakaa chini. "Zimelala, mama. Nazigongea mlango." Ukahesabu kwa Kibukusu, ukazitoa.

Lakini ulihesabu hadi ngapi? Nilikuwa nacheka, sikusikia. Nani alikufundisha? Na yule wa kwanza kabisa, alithubutu vipi kutia kwenye maji ya moto mbegu aliyoitegemea?

Zilizobaki nilizigawa mafungu matatu. La kwanza nililitia kwenye maji ya moto nikahesabu hadi tano, la pili kumi, la tatu ishirini. Mama Njoki akanikuta nimeinamia jiko. "Ati mbegu inachemshwa? Bana, hiyo sasa ni githeri ya kula!"

Nilipanda kila fungu mstari wake. Ule wa hesabu ya tano ulitoa miche miwili. Wa ishirini haukutoa kitu. Hizo nilizipika kweli, nisamehe. Lakini wa kumi, Kukhu, uliota kama nywele! Siku ya kwanza kuupika, mama alikula, halafu akaomba sufuria aikwangue.

Jana Mama Njoki alikuja na kisu. Majani huwa namwachia achume, lakini alishika mmea mrefu kuliko yote, ule wenye maganda ya mbegu.

"Huo hapana," nikasema, kwa sauti iliyofika ploti ya pili. "Huo ni wa mbegu."

Akauachilia. Akaniangalia kidogo, kama mtu aliyenisikia mara ya kwanza.

"Sawa, Bwana Shamba. Basi zikikauka utanigawia. Na unionyeshe vile unahesabu."

Naishia hapa, Kukhu, nikaangalie maganda.

Mjukuu wako wa Tuwan